Mifupa Ikicheza Walsi

Mpwa wangu anasoma sekondari katika mji mmoja wa jimbo la Ohio, Marekani, na anapiga fidla kwenye okestra ya shule yao. Mwaka jana, Oktoba ikiwa ndiyo kwanza imeingia, alinitumia ujumbe wa sauti uliojaa malalamiko.

"Shikamoo mjomba. Eti mwalimu kaniambia nilegeze uzi wa fidla, tena makusudi! Miaka minne mizima najifunza kuikaza sawasawa, leo naambiwa niiharibu mbele za watu."

Nilicheka kabla sijaitikia salamu. Sikuhitaji kumuuliza kibao gani wanakifanyia mazoezi. Tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote, huko Marekani ni usiku wa Halloween. Watoto huvaa mavazi ya vizuka na wachawi wakapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Okestra za shule nazo huandaa tamasha la kutisha kidogo na kuchekesha zaidi. Na katika muziki wote wa namna hiyo, mmoja tu ndio unaomtaka mpiga fidla aanze kwa kuivuruga fidla yake: *Danse macabre*, ngoma ya wafu, ya Mfaransa Camille Saint-Saëns.

Fidla ina nyuzi nne, na kati ya uzi mmoja na unaofuata kuna umbali wa noti tano, umbali ambao sikio huupokea kama kitu kilichonyooka. Saint-Saëns alitaka uzi mwembamba kuliko zote ushushwe nusu hatua. Basi ukipitisha upinde juu ya nyuzi mbili za mwisho bila kuweka kidole popote, hutoka sauti mbili zinazogombana. Mwanakwaya aliyefundishwa kwa solfa anaweza kuujua ugomvi huo nyumbani kwake: aimbe fa, kisha aruke moja kwa moja hadi ti, asipite katikati. Atahisi amesimama kwenye ngazi iliyovunjika kidato. Zamani wanamuziki wa Ulaya waliupa umbali huo jina la shetani, na hadi leo utasikia watu wakiapa kwamba Kanisa liliupiga marufuku. Huo ni uzushi mtamu tu. Amri yenyewe haijaonekana.

Kinachonivutia ni kwamba sauti hiyo ya kishetani haipigi mtu anayelia wala anayekimbia. Anaipiga Mauti mwenyewe akiwa mwanamuziki, anajaribu chombo chake kama fundi yeyote anavyojaribu kabla ya shughuli, kisha anaanzisha walsi. Walsi! Mapigo matatu, moja zito na mawili mepesi, mdundo wa watu waliovaa glavu nyeupe na kuinamiana kwa adabu. Miguu inaambiwa icheze wakati masikio yanaambiwa yakimbie. Ukiniuliza siri ya muziki wa kutisha kwa mzaha ni nini, nitakujibu kwamba ni ugomvi huo, na karibu kila mtunzi aliyefaulu katika kazi hii ameupata kwa njia yake.

Saint-Saëns hakuupata mara moja. Mwaka 1872 aliandika wimbo wa mwimbaji mmoja na piano, kwa maneno ya mshairi Henri Cazalis. Shairi hilo halitaji Halloween hata kidogo, ingawa siku hizi husimuliwa kama lilitungwa kwa ajili ya usiku huo. Ni usiku wa kipupwe, upepo unavuma, mifupa inatoka makaburini kucheza, na mwanamke wa ukoo wa kitajiri anaserebuka na mtu anayeonekana kama fundi mikokoteni wa kawaida, kwa kuwa kaburini hakuna bwana wala mtwana. Mwaka 1874 Saint-Saëns aliurudia wimbo ule, akamtoa mwimbaji, sauti yake akaikabidhi fidla, na kila kitu kingine akakipa okestra. Ulipigwa mara ya kwanza Paris tarehe 24 Januari 1875.

Nadhani miaka hiyo ina maana. Miaka michache nyuma, Paris ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Prussia, na mtunzi mwenyewe alikuwa katika kikosi cha ulinzi wa raia. Rafiki yake, mchoraji Henri Regnault, aliuawa vitani Januari 1871. Mtu aliyetoka katika hayo akaketi kuandika mzaha kuhusu mifupa hakuwa akichezea jambo asilolijua.

Sikiliza anavyousimulia usiku wenyewe. Kinubi kinagonga noti moja ile ile mara kumi na mbili, polepole: saa sita ya usiku. Nyuzi nzito zinanyata kwa kudonolewa na vidole. Kisha fidla inapasua kimya kwa ule mlio wake uliopinda, na filimbi inaingia na wimbo mwepesi unaozunguka kama mtu anayejaribu sakafu kwa ncha ya kiatu. Katikati ya shamrashamra unasikika wimbo wa *Dies irae*, ule wa misa ya wafu, umegeuzwa kuwa walsi ya furaha. Wazee Wakatoliki wa kwetu waliowahi kuimba misa za Kilatini kabla ya mageuzi yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano wataukumbuka: unaanza do, ti, do, la, kwa uzito wa mtu anayeshuka ngazi za kaburi. Kuusikia wimbo huo umevalishwa mapambo na kupelekwa dansini ni sawa na kumwona padri mkali wa parokia akiyarudi magoma. Unacheka, halafu unatazama huku na huku kama kuna aliyekuona.

Mwishoni obo inawika kama jogoo. Obo ni ndugu wa nzumari yetu ya pwani, maana zote mbili hulizwa na ulimi wa tete mbili, kwa hiyo msikilizaji wa Lamu au Tanga hatahitaji kuelezwa kwa nini jogoo huyo anasikika na makamasi kidogo. Kumekucha, wafu wanarudi mbio walikotoka, fidla inaaga kwa huzuni ya kweli, na noti mbili za kudonolewa zinafunga mlango taratibu.

Kuna chombo kingine ambacho siwezi kukipita haraka. Mifupa inapogongana, Saint-Saëns anatumia zailofoni, yaani marimba. Katika okestra za Ulaya za wakati ule kilikuwa chombo cha nadra, cha vijijini na maonyesho ya barabarani. Wajerumani walikiita fidla ya majani makavu kwa sababu vipande vyake vya mbao vililazwa juu ya kamba za majani. Lakini uhusiano wake na kifo ulikuwa wa zamani: katika michoro ya ngoma ya wafu ya Hans Holbein, iliyochapishwa mwaka 1538, kiunzi cha mifupa kinamwongoza bibi kizee huku kikipiga chombo cha aina hiyo. Saint-Saëns aliipenda hila yake kiasi kwamba mwaka 1886, katika *Kanivali ya Wanyama*, aliirudia ili kuwachezesha wanyama waliogeuka mawe, akajitania mwenyewe kwa wimbo ule ule.

Sasa mpe kazi hiyo msikilizaji aliyekulia kwenye amadinda ya Buganda, ambayo mbao zake hulazwa juu ya migomba, au kwenye timbila za Wachopi wa Msumbiji. Neno marimba lenyewe limetoka katika lugha zetu za Kibantu. Kwake mlio ule ni sherehe, ni ikulu ya Kabaka, ni mashindano ya vijana wenye mikono myepesi. Hausikii kama mifupa mpaka aambiwe. Mara ya kwanza nilipoisikia *Danse macabre*, sehemu niliyopaswa kuiogopa ndiyo iliyonifanya nitingishe mabega, na nimeamua kutoliona hilo kuwa kosa. Hofu ya muziki kwa sehemu kubwa ni mazoea ya masikio, na mtunzi anayesahau hivyo ataandika vitisho vinavyowatisha majirani zake peke yao.

Mfaransa mwingine, Charles Gounod, aliufikia ucheshi huo kwa njia ya msiba. Akiwa London mapema katika miaka ya 1870, alianza kuandika kipande cha kumdhihaki mhakiki wa muziki Henry Chorley. Chorley akafariki mwaka 1872 kabla dhihaka haijatoka, na Gounod, kwa busara, akamtoa binadamu akaweka kikaragosi cha mbao. Kikawa *Maziko ya Kikaragosi*, ambacho baadaye, mwaka 1879, alikiandikia okestra. Kisa chake kimeandikwa ndani ya noti zenyewe: kikaragosi kimeuawa katika pambano, msafara unaelekea makaburini, lakini njiani baadhi ya waombolezaji wanachepuka kuingia kilabuni kupata chochote, kisha wanarudi kwenye mstari na nyuso zao za huzuni. Nani asiyewajua hao? Kila msiba una watu wa safu ya nyuma wanaouliza pilau imefikia wapi.

Kimuziki, Gounod anafanya jambo dogo sana. Anachukua mwendo wa maziko, ambao kwa kawaida hukanyaga kama buti, akaukanyagisha kama kuku: noti fupi, kavu, zinazonyanyua mguu juu kupita kiasi. Mtu wa mbao hawezi kutembea kwa heshima hata akijitahidi. Alfred Hitchcock alipoanza kipindi chake cha televisheni mwaka 1955 alikichukua kipande hiki kiwe utambulisho wake, na tangu hapo mamilioni ya watu wasiojua jina la Gounod wanakijua kama muziki wa bwana mnene ambaye kivuli chake kinaingia ndani ya mchoro wa uso wake mwenyewe.

Edvard Grieg wa Norway ana wimbo mmoja tu kwenye *Ukumbi wa Mfalme wa Mlima*, wa mwaka 1875, na anaurudia tangu sauti za chini kabisa hadi okestra nzima inapokimbia bila breki. Yeye mwenyewe alimwandikia rafiki yake kwamba hauvumilii, unanuka mavi ya ng'ombe kwa jinsi ulivyojaa majigambo ya kizalendo. Dunia haikumsikiliza.

Kutoka hapo hadi sinema ni hatua fupi, na aliyeipiga alikuwa mpiga kinanda wa jumba la sinema la Kansas City aitwaye Carl Stalling. Katika siku za sinema bubu kazi yake ilikuwa kukaa gizani na kuipa picha sauti papo kwa papo. Mtu akiteleza kwenye ganda la ndizi, mkono wake ulitakiwa uteleze wakati huo huo. Yeye ndiye aliyempa Walt Disney wazo la mifupa inayocheza, na mwaka 1929 ikatoka *The Skeleton Dance*, katuni fupi ambayo mkono wa Ub Iwerks uliichora kwa kuufuata muziki badala ya muziki kufuata picha. Kiunzi kimoja kinampiga mwenzake mgongoni kama marimba. Wengi hudhani wimbo ule ni wa Saint-Saëns, kumbe Stalling alichukua kipande kingine cha Grieg, mwendo wa majitu ya milimani, akauchanganya na wa kwake. Kila kifundo cha mfupa kinatua juu ya pigo, hakuna kilichochelewa hata kidogo, na ucheshi wote umo katika unyoofu huo. Zimwi linalofika kwa wakati haliwezi kutisha sana, maana limekwisha kuwa mchezaji.

Mtunzi wa muziki wa filamu Danny Elfman ndiye aliyeufanya mlio huu kuwa lugha ya Halloween ya leo. Hakusomea muziki chuoni. Alijifunza kwa kusikiliza na kunakili, na akiwa kijana alizunguka Afrika Magharibi, akarudi kwao na malaria pamoja na mapenzi ya balafoni, marimba ya huko. Kundi la maonyesho aliloshiriki baadaye Los Angeles lilitengeneza vyombo vya namna hiyo kwa mikono yao. Baada ya *Beetlejuice* ya mwaka 1988, ambamo tuba na piano zinafukuzana kama mbwa na mkia wake, ilikuja *The Nightmare Before Christmas* mwaka 1993. Nyimbo zake aliziandika kwa kusimuliwa kisa na mbunifu wake, Tim Burton, vipande vipande, kabla mswada wa filamu haujakaa sawa, na Jack, mfalme wa mifupa, anapoimba, sauti ni ya Elfman mwenyewe.

Katika wimbo ambapo vizuka wanatengeneza zawadi za Krismasi, sikiliza noti nne zinazozungushwa tena na tena kama gurudumu la kiwanda: do, ti, do, la. Ni *Dies irae* ile ile. Wale wafanyakazi wanaamini wanaandaa sikukuu ya furaha, na mikono yao haijui wimbo mwingine isipokuwa wa maziko. Sijui mzaha wa kimuziki uliopikwa vizuri kuliko huo katika filamu ya watoto.

Baada ya kumweleza mpwa wangu haya yote (kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, ambao aliulalamikia vilevile), alinitega.

"Sasa mjomba, si unaandikia kwaya? Tutungie kidogo, dakika moja tu, tuweke mlangoni watoto wakija kuomba peremende."

Sikuwahi kuandikia okestra. Lakini siku hizi mtu mwenye kompyuta na programu ya muziki ana fidla arobaini ndani ya begi, kila sauti imerekodiwa chombo kwa chombo, na unaziita kwa kibodi. Nilijifungia siku mbili. Nikaweka kinanda kikubwa cha kanisani, radi, ngoma nzito, kwaya ya wanaume wakiguna kwa mbali, tarumbeta zote zikilia pamoja. Nilipousikiliza usiku, taa zimezimwa, nilijiogopa. Nikamtumia.

Jibu lilikuja asubuhi. "Mjomba, huu ni wa msiba wa kweli. Watoto hawatagonga mlango."

Alikuwa sahihi, na nilichojifunza kwa kuubomoa ule muziki kimenikaa zaidi ya vyote nilivyowahi kusoma. Kwanza ilibidi niondoe watu. Okestra nzima ikilia pamoja ni umati, na umati unatisha bila kuchekesha. Kichekesho kinahitaji mtu mmoja anayeonekana, mwenye tabia yake. Nikambakiza basuni, yule wa sauti nene ya puani, nikamwambia anyate kwa noti fupi kama mwizi aliyevaa viatu vinavyolia. Juu yake, mbali sana, nikaweka filimbi ndogo. Katikati yao nikaacha tupu. Utupu huo ulifanya kazi kuliko kwaya yangu yote ya kuguna, kwa sababu sikio huanza kulijazia pengo vitu vyake lenyewe.

Pili, noti mbaya. Nilikuwa nimezimwaga kila mahali, na zilipokuwa nyingi zikawa hali ya hewa. Hakuna anayeshtuka kwa mvua ya masika. Nikaandika wimbo mdogo wa kitoto, mtiifu, unaotabirika, kisha mahali ambapo kila mtu anajua noti gani inafuata nikaweka nyingine, nusu hatua pembeni, na nikaipiga kwa kujiamini kabisa kama mgeni aliyeingia harusi isiyo yake na kukaa meza ya mbele. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu chumbani.

Tatu, ukimya kabla ya kishindo. Hili nilidhani nalijua. Nilikuwa nimeacha pigo moja la kimya kisha matuazi yakalipuka. Lakini pigo moja ni pumzi, mtu anajua kinachofuata. Nilipoacha mapigo matatu, ilikuwa ndefu mno, mtu anadhani simu imekatika. Mawili na nusu ndiyo yaliyofaa, yaani kishindo kije mapema kidogo kuliko mguu ulivyokitegemea. Na badala ya matuazi nikaweka kengele ndogo sana, *ting*, kama ya baiskeli. Nyanya zetu waliotuhadithia mazimwi jioni walilijua hili bila noti yoyote: sauti ilishuka, ikashuka, watoto tukasogeleana, halafu zimwi likafungua kinywa na kusema kwa sauti nyembamba ya kitoto.

Toleo la tatu lilipita. Niliambiwa kwamba usiku wa 31 mtoto mmoja aliyevaa kama jini alikataa kupokea peremende mpaka basuni limalize kunyata.

Tamasha la shule lilikuwa limefanyika siku chache kabla, na dada yangu alinitumia picha za video, zimepigwa kutoka safu ya nyuma, kichwa cha mtu kikiziba nusu ya jukwaa. Kinubi hawakuwa nacho. Saa sita ya usiku iligongwa kwa piano. Kisha mpwa wangu akasimama, akaweka upinde juu ya nyuzi mbili, na ule mlio uliopinda ukatoka, mkubwa kuliko mwili wake. Hakuutabasamia. Aliupiga kwa uso wa fundi anayejaribu chombo kabla ya shughuli, na mahali fulani gizani mtoto mdogo akacheka kwa sauti.

Siku mbili baadaye alinitumia ujumbe mwingine. Uzi ule, baada ya kuuzoea ulegevu, umekataa kupanda. Anaukaza asubuhi, ikifika mchana umeshuka wenyewe.